Usaili wa selo Ujerumani: anza na vipimo kumi vya muziki wa Beethoven

Vijana wa nyumbani huniandikia: "Shikamoo kaka, nataka kupiga selo kwenye okestra Ulaya, nianzie wapi?" (Selo ni ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti.) Naanzia kwenye aibu yangu. Usaili wangu wa kwanza niliingia na koncheto (kazi ya mpigaji mmoja na okestra) nzima ya Dvořák kichwani, nimeisugua miezi minane. Sikupiga hata nota yake moja. Duru ya kwanza kwa kawaida ni koncheto ya Haydn, na wanaokusikiliza wamekaa nyuma ya pazia. Dakika mbili hivi, sauti ikasema: "Danke," yaani asante, basi. Nikafunga begi, nikarudi stesheni.

Kwa hiyo koncheto ya Haydn ya D kwanza, pamoja na kadenza yake, yaani ile sehemu unayopiga peke yako. Dvořák au Schumann huja duru ya pili, kwa waliobaki. Halafu ndipo vinakuja vipande vifupi kutoka kazi za okestra, na hapo ndipo kazi inapatikana au inapotea.

Chukua Simfoni ya 5 ya Beethoven, mwendo wa pili. Vipimo kumi vya mwanzo (kipimo ni kile kisanduku cha mapigo kati ya mistari miwili ya wima), selo na viola ndio wanaoimba, kwa sauti ya chini na tamu. Ukiangalia karatasi unaona kitu cha mtoto. Shida ni zile nota zenye nukta: mkono ukilegea kidogo zinageuka kuwa tatu-tatu za kubembea, na wale wa nyuma ya pazia wanasikia mara moja. Fanya hivi. Imba kwanza, kwa sol-fa kama umetoka kwaya (mimi nilitoka kwaya ya Kilutheri Moshi, selo nikaishika nina miaka 14, na sikio lile ndilo lililonibeba mbele ya wenzangu walioanza na sita). Kisha weka metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, igonge nota ndogo kabisa, upige polepole mpaka uchoke nayo. Kisha igonge mara moja tu kwa kila kipimo, nafasi iliyobaki uijaze mwenyewe. Beethoven aliandika mapigo 92 kwa dakika, matatu kwa kipimo. Wengi hupiga taratibu zaidi. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake, si siku hiyo hiyo. Siku hiyo utajihurumia.

Ukimaliza hicho, nenda kwenye mwendo wa pili wa Simfoni ya 2 ya Brahms, kisha ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Strauss. Huo wa Strauss unavunja vidole, uanze mapema.

Tuni selo yako kwa A ya hezi 443, badala ya 440, wiki mbili kabla ya usaili. Ukizoea 440, siku ya usaili utajiona uko chini bila kujua kwa nini.

Chuo: shahada ya kwanza miaka minne, ya pili miwili. Vyuo vya umma vya muziki havitozi ada sehemu nyingi, ila Baden-Württemberg wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya hulipa yuro 1,500 kwa muhula. Baadaye tafuta akademi ya okestra, mahali kijana anapojifunza kazi ndani ya okestra yenyewe. Ya Berlin Philharmonic ipo tangu 1972. Nafasi za kazi utaziona kwenye jarida la Das Orchester na kwenye tovuti ya muvac. Wengi wanaoomba hawaitwi hata kujaribu. Na ukisafiri kwa ndege weka akiba ya tiketi mbili: selo inakaa kitini kama abiria, na chakula haipewi.

Ukipita, kuna mwaka wa majaribio, kisha wenzako wanapiga kura. Hapo hawatafuti nyota. Wanatazama kama upinde wako unageuka pamoja na wao, kama unapunguza sauti kabla hujaambiwa. Mnakaa wawili kwenye stendi moja. Wa ndani ndiye anayegeuza ukurasa. Mgeni mara nyingi huwa huyo wa ndani. Kunja kona ya karatasi nyumbani, geuza mapema, kimya, na uwe na penseli mfukoni, si kalamu ya wino.