Ibada ikupe furaha: anza na watu

Ibada ikiisha mimi sitoki mbio, nawe usitoke. Mwaka 2010 mwanasosholojia Chaeyoon Lim na mwanasayansi ya siasa Robert Putnam walichapisha utafiti wa Marekani: wanaohudhuria ibada mara kwa mara waliridhika zaidi na maisha hasa kwa sababu ya marafiki waliowapata humo.

Basi keti safu ileile kila wiki. Muulize jirani jina, na wiki ijayo mwite kwa jina hilo. Jitolee kukunja mikeka au kupanga viti. Mikono ikiwa na kazi, maneno huja yenyewe (wenye haya, hii ni yenu).

Sala za faragha usiziache. Ila kabla ya kuomba chochote, shukuru kwa jambo moja la leo, ulitaje kinagaubaga.