Samaki anayepanda mto: jua kwanza anataga mara ngapi

Mto ukianza kujaa, samaki hupanda kwa makundi na kuwavua huwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Wengi wao wana mayai tumboni. Anayefunga wigo ukingo hadi ukingo wakati huo anakula mbegu kabla haijapandwa.

Samaki wa safari huishi kwa akiba. Samoni akishaingia maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, huacha kula; kupanda mkondo, kuchimba kiota na kutaga, vyote hulipiwa na mafuta aliyojiwekea baharini. Samoni wa Pasifiki kwa kawaida huimaliza akiba yote na kufa. Wa Atlantiki hubakiza kidogo, na baadhi yao hurudi baharini kisha huja kutaga tena.

Mfano unaonivutia zaidi ni shadi, samaki wa baharini anayepanda mtoni kutaga, wa pwani ya mashariki ya Marekani. Walio mito ya Florida hutaga mayai mengi katika msimu mmoja, wakafa. Wa mito ya kaskazini hutaga machache kila safari, na wengi hurudi miaka inayofuata. Ni samaki yuleyule! Kaskazini hali hubadilikabadilika, mwaka mmoja vifaranga wakapona, mwingine wakaangamia, hivyo mzazi hawezi kuweka kila kitu kwenye msimu mmoja.

Kwa hiyo usinakili kanuni za mto mwingine. Kama samaki wako hutaga mara moja, walinde wakiwa wanapanda, maana hawana nafasi ya pili. Kama hurudia, linda pia njia ya kushuka. Hapa ndipo mabwawa mengi yanayoziba mto hukosea: hujengewa ngazi ya maji ya samaki kupandia, halafu mzazi aliyechoka anaachwa ajitafutie pa kupita. Na ukipenda kuchagua wakubwa tu kwa nyavu za matundu mapana, mwaka hadi mwaka wanaobaki kuzaa ni wale wanaopevuka mapema wakiwa wadogo, ambao mayai yao ni machache.

Mfugaji wa kambale hukutana na jambo hilohilo bwawani. Jike hupevuka vizuri lakini ni nadra kutaga mwenyewe, kwa kuwa mafuriko anayoyasubiri hayaji. Ndiyo maana huchomwa homoni. Unapochagua wazazi, changanya waliopevuka mapema na waliochelewa, na usirudie jike mmoja kila msimu eti kwa sababu ana tumbo kubwa.