Kurekebisha upasuaji wa kupunguza matiti: anza na faili

Dada, kama ulipunguzwa matiti na hukuridhika, usikimbilie daktari mpya. Kwanza lifuate faili lako kule ulikopasuliwa. Unachotafuta ni ripoti ya upasuaji wenyewe, si ile karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mimi walinizungusha, mara karani hayupo, mara mtambo umelala, mpaka nilipoandika barua nikaitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, inayokupa haki ya kupata taarifa zako. Hapo faili likapatikana.

Sababu ya kung'ang'ania ni hii. Katika upasuaji huu, mara nyingi chuchu haing'olewi. Huachwa imeshikana na kipande cha nyama kinachoipelekea damu. Kipande hicho huweza kuachwa upande wa chini, wa juu au wa ndani. Daktari wa pili asipojua ni upande gani, anaweza kukata njia hiyo ya damu, na chuchu ikafa. Ripoti huonyesha pia gramu zilizotolewa kila upande. Yangu ilisema kulia walitoa nyingi zaidi, na bado la kulia ndilo kubwa!

Halafu subiri. Madaktari wengi hutaka ipite miezi 6 hadi 12 tangu upasuaji wa kwanza, uvimbe ushuke na kovu litulie. Lakini kidonda kikifumuka, kikitoa usaha au chuchu ikibadilika kuwa nyeusi, nenda hospitali leo hii.

Wakati unasubiri, jipime. Mimi ni fundi cherehani, futi haiko mbali. Simama wima mikono chini, pima kutoka kishimo cha koo hadi kila chuchu, kisha kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi. Andika, upige na picha za mbele na za pembeni.

Vinyama vinavyobaki mwisho wa mshono, karibu na kwapa, mara nyingi huondolewa kwa ganzi ya hapohapo tu. Titi lililobaki kubwa hufyonzwa mafuta au hukatwa tena. Chuchu iliyopandishwa juu mno ndiyo kazi: kuishusha ni vigumu, na kovu huweza kubaki pale nguo haifiki. Kama una keloidi, yaani kovu linalotuna na kukua, sema mapema, maana kuikata bila tiba nyingine, kama sindano za steroidi, mara nyingi huirudisha.

Jina la daktari litafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, uone kama kweli ni bingwa wa upasuaji wa plastiki. Muulize atailindaje chuchu. Mmoja aliniambia, "Faili si lazima, mama." Nikamshukuru, nikashika mkoba wangu.

Sigara na shisha acha wiki 4 kabla, angalau. Aspirini na dawa za mitishamba zitaje zote. Na nguo za kuvaa baadaye ziwe za kufungua mbele, kwa sababu kuinua mikono kuvaa dera siku za mwanzo, thubutu!