Unataka kujiunga na majaribio ya chanjo ya mapafu? Anzia hapa
Kwanza kabisa uliza jaribio liko awamu ya ngapi, maana awamu ya 1 ni watu wachache tu wanaangalia usalama na dozi, ya 2 wanaongeza watu waone kinga ya mwili inaitikiaje, ya 3 ndo maelfu ya watu na hapo ndo inajulikana kama chanjo inazuia ugonjwa kweli. Chukulia TB, chanjo yake ya BCG ilianza kutumika kwa binadamu 1921 na mpaka leo inasaidia zaidi watoto wadogo, watu wazima haiwakingi vizuri, ndo maana chanjo mpya ya TB inayoitwa M72/AS01E ilipopunguza TB ya mapafu kwa karibu 50% kwenye awamu ya 2 wakaipeleka ya 3 mwaka 2024.

Alafu fomu ya ridhaa isome yote, usisaini palepale, nenda nayo nyumbani. Uliza nani analipia matibabu ukipata madhara (hili wengi wanalisahau aisee), na kama kuna kundi la plasebo (wanaochomwa sindano isiyo na chanjo inayojaribiwa), maana mara nyingi hutajua umechomwa nini. Kujitoa unaruhusiwa muda wowote. Ukishaingia, kikohozi, homa, hata bega kuuma, we ripoti tu, usichuje.