Majungu yangu mwenyewe: ninavyojichunguza kazini

Aprili, wakati wa taarifa za robo ya tatu, nilimsindikiza mkuu wangu wa idara hadi kwenye gari. Njiani nikamwambia, kana kwamba nimekumbuka tu, kuwa taarifa ya mwenzangu bado haijakamilika. Ilikuwa kweli. Nisichosema ni kwamba takwimu alizokuwa akizisubiri mwenzangu zilikuwa mezani kwangu tangu Jumatatu. Safari ya kikazi ya Dodoma, ambayo angeweza kwenda yeye, nikaenda mimi.

Tangu hapo nina daftari. Ijumaa kabla ya kufunga ofisi chagua mazungumzo mamoja ya nje ya kikao: ya koridoni, ya chai ya saa nne, ya WhatsApp. Andika maneno yenyewe uliyotamka. Usiandike "nilimjulisha mkuu", maana neno hilo la kiofisi ndilo linalokuficha. Chini yake jibu: nani hakuwepo? Nilijua nini nikakinyamazia? Nilipata nini, posho, semina, sifa? Mimi nilinaswa na swali la pili.

Mtafiti wa Marekani Gerald Ferris na wenzake walichapisha mwaka 2005 dodoso la maswali 18 la kupima ustadi wa siasa za kazini. Sehemu yake mojawapo hupima uwezo wa kuonekana mkweli. Nililijaza, nikajipa alama za juu, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Linapima ustadi wako. Aliyeumia humkuti humo.

Lakini usijihukumu kwa kila kitu. Kabla ya kikao cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri niliwahi kuwafuata madiwani wawili kuwaeleza habari za paa la zahanati linalovuja. Hiyo nayo ni siasa, na nitaifanya tena. Niliyowaambia pembeni niliyarudia kikaoni, wote wakisikia. Basi jiulize: haya naweza kuyasema mbele ya mhusika, kwa sauti ileile? Sauti ina uzito wake. Kule kwenye gari nilinong'ona.

Ukishajikuta na kosa, usikimbilie kumwomba radhi uliyemchongea. Utakuwa umeutua mzigo wako, na jina lake bado limechafuka kule ulikolichafulia. Anza kwa yule uliyemwambia. Mimi ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri. "Mkuu, takwimu za ile taarifa zilikuwa kwangu siku nne." Akanyamaza, kisha akauliza kwa nini. Nikamjibu kuwa niliitaka ile safari.

Ndipo nikaenda kwa mwenzangu. Hakunigombeza. Aliniomba kitu kimoja: kuanzia siku hiyo takwimu zake nizipeleke kwa barua pepe, na nakala kwa mkuu. Ndivyo ninavyozipeleka hadi leo.