Kabla ya kununua ng'ombe wa kwanza: hesabu ya malisho ya mwaka mzima

Anayetaka kuanza kufuga huulizia kwanza bei ya ng'ombe. Bei hiyo hulipwa mara moja ikaisha, lakini tumbo la ng'ombe hudai kila siku, hata siku ambazo hakuna maziwa ya kuuza. Malisho ndiyo hula sehemu kubwa kuliko zote ya gharama za ufugaji, kwa hiyo hesabu yake ifanywe mnyama akiwa bado kwa muuzaji.

Anza na uzito, achana na idadi. Ng'ombe wanne wanaweza kuwa mitamba midogo, yaani majike ambao hawajazaa, au majike wakubwa wanaokamuliwa, na gharama zao hazifanani hata kidogo. Ng'ombe hula kwa siku takribani asilimia 2.5 ya uzito wake, ikipimwa kwa uzito mkavu, yaani kile kinachobaki majani yakishaondolewa maji yote. Anayekamuliwa maziwa mengi hupita asilimia 3. Kama huna mizani, futi ya kamba inatosha: pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Mzingo wa 170 na urefu wa 150 vinakupa ng'ombe wa kilo 400 hivi. Ni makadirio, lakini ni bora mara nyingi kuliko jicho la muuzaji.

Tuchukue kundi dogo la kuanzia: majike wawili wa kilo 400 kila mmoja, mtamba wa kilo 250 na ndama wa kilo 100. Hao wadogo nimewapa uzito wa katikati ya mwaka kwa makusudi. Mtamba anayeongezeka gramu 400 kwa siku hupata karibu kilo 146 kwa mwaka, na ukipiga hesabu kwa uzito wa siku ya kununua utapungukiwa kabla mwaka haujaisha. Jumla ni kilo 1,150, na asilimia 2.5 yake ni kama kilo 29 kavu kwa siku, au tani 10 na nusu kwa mwaka. Hapo bado hujahesabu kinachokanyagwa, kinacholowa na kinachooza.

Majani mabichi kwa kawaida yana uzito mkavu wa asilimia 20 hivi. Yaliyobaki ni maji. Kilo 29 kavu ni sawa na kilo 145 za majani mabichi ya kukatwa na kubebwa kila siku, iwe Jumapili, iwe sikukuu, iwe siku ya msiba. Kama utaajiri mtu wa kukata, kazi hiyo ndiyo utakayomlipia, kwa hiyo iingize kwenye gharama za malisho hata kama majani yenyewe hununui. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ikikauka vizuri ina asilimia 87 hivi ya uzito mkavu; sileji, yaani majani yaliyofungiwa bila hewa yakachacha, kama 30. Ndiyo maana bei haziwezi kulinganishwa kwa kilo zinavyouzwa. Gawanya bei ya kilo kwa sehemu yake kavu kwanza. Hei inayouzwa mara nne ya bei ya majani mabichi bado ni nafuu kidogo, maana katika majani hayo umelipia kilo nne za maji ili upate kilo moja ya chakula.

Kisha chora kalenda ya miezi 12. Weka alama kwenye miezi ambayo majani yapo ya kutosha, miezi ambayo yapo nusu, na miezi ambayo hayapo kabisa. Hapa ndipo bajeti nyingi za wanaoanza huvunjika, kwa sababu mtu huona shamba la kijani la msimu wa mvua na kuliweka akilini kama hali ya mwaka mzima. Tuseme kalenda yako ina miezi saba mizuri, miwili ya nusu na mitatu mikavu. Mitatu mikavu ni siku 90 kwa kilo 29, sawa na kilo 2,610 kavu, yaani hei kama kilo 3,000. Miwili ya nusu inadai kilo 1,000 nyingine za hei. Ukiruhusu asilimia 15 ipotee wakati wa kulisha, inabidi uwe na kilo 4,700 ghalani.

Sasa pima robota, yaani furushi la hei lililofungwa. Usimwamini anayesema "ni la kilo 18". Chukua kumi, uyapime, utafute wastani. Kwa marobota ya kilo 18 unahitaji 261. Yakiwa kwa kweli ni ya kilo 14 na wewe ukanunua hayo 261, umekosa zaidi ya tani moja ya hei, ambayo kwa kundi hili ni chakula cha karibu siku 27. Na upungufu huo utaugundua mwishoni mwa kiangazi, wakati kila mfugaji anatafuta na wenye hei wanapanga bei watakavyo.

Hiyo hei inunuliwe wakati wa mavuno, ikiwa nyingi. Maana yake ni kwamba gharama ya mwaka haigawanyiki kwa 12: kuna mwezi mmoja au miwili utatoa fedha nyingi kwa mkupuo, na miezi mingine kidogo. Anayepanga kulipia malisho kutokana na maziwa ya kila wiki hatakuwa na fedha hizo zikihitajika. Banda la kuhifadhia nalo liwe tayari kabla: paa lisilovuja, na marobota yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu. Hori la kulishia hujilipa haraka, kwani hei inayomwagwa chini inaweza kupotea robo nzima au zaidi kwa kukanyagwa na kuchafuliwa. Chakula chenye ukungu usijaribu kukiokoa kwa kukichanganya na kizuri. Sumukuvu iliyomo hudhuru mnyama na hupita hadi kwenye maziwa.

Kushiba na kulishwa vizuri ni mambo mawili. Protini kwenye nyasi zilizokomaa au mabua ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyoyeyusha nyasi hizo hudhoofika, na ng'ombe hupunguza kula ingawa hori limejaa. Anakonda mbele ya chakula. Dawa yake ni majani ya jamii ya mikunde, kama lusina au desmodia, au mashudu kidogo, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Majani hayo yapande mapema; kwa maoni yangu mstari wa lusina kwenye mpaka wa shamba ni kitu cha kwanza cha kufanya, hata kabla ya kununua mbao za banda. Urea, ile ya mbolea, hutajwa sana kama njia ya bei rahisi, lakini ikikosewa kipimo huua ndani ya saa chache, na ndama hawapaswi kupewa kabisa. Kwa mwaka wa kwanza ningeiacha.

Jike anayekamuliwa huhitaji chakula cha nyongeza. Malisho mazuri peke yake humtosha kuishi na kutoa lita tano hivi. Juu ya hapo, kilo moja ya mchanganyiko wa pumba na mashudu kwa kila lita mbili hadi mbili na nusu. Anayetoa lita 10 atahitaji kilo mbili kwa siku, yaani kilo 600 kwa siku 300 za kukamuliwa, ingawa kipimo hushuka kadiri maziwa yanavyopungua. Mwongezee polepole kwa wiki moja hadi mbili, asije akapata asidi tumboni. Na kumbuka ana kama miezi miwili ya kukaushwa, yaani kuachwa bila kukamuliwa, kabla ya kuzaa, ambapo anakula bila kuleta chochote.

Chumvi ya madini ni kitu kidogo: gramu 100 kwa siku hufanya kilo 36 na nusu kwa ng'ombe mkubwa kwa mwaka. Maziwa ya ndama si kidogo. Lita nne kwa siku kwa siku 75 ni lita 300 ambazo hazitauzwa, na ziandikwe kama gharama ya malisho. Maji nayo: kundi kama hili linaweza kunywa lita 200 kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Mahali ambapo maji hununuliwa au hubebwa kutoka mbali, hicho ni kifungu cha bajeti chenye mstari wake, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu hali vizuri.

Kama una shamba la malisho, lipime kabla ya kulitegemea. Kata majani ya mita moja ya mraba katika sehemu tano tofauti, pima wastani. Kilo moja mbichi kwa mita ni gramu 200 kavu, na ekari ina takribani mita za mraba 4,000, kwa hiyo mkato mmoja unakupa kilo 800 kavu. Kundi letu humaliza hizo kwa siku 27 au 28. Kama ng'ombe wanajilia wenyewe shambani badala ya kukatiwa, hesabu nusu tu, maana nyasi zikiliwa hadi mzizi hazirudi upesi.

Juu ya yote ongeza akiba ya asilimia 10 hadi 20. Halafu andika kwenye ukurasa huohuo ni mnyama gani atauzwa kwanza mvua zikichelewa, na ni tarehe gani utahesabu marobota yaliyobaki ili kuamua. Tarehe hiyo iwe mapema, angali ana nyama mgongoni na wanunuzi hawajafurikiwa na ng'ombe waliokonda.