Namna ya Kuuhesabu Mnada wa Korosho Kabla ya Kunyoosha Mkono

Kwa misimu minne nilikuwa karani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima, huku Newala. Nimeona watu wakinyoosha mikono kukubali bei kwa sababu jua limekuwa kali na mwenyekiti ameuliza mara ya tatu. Bei hiyo ndiyo ada ya mtoto na bati la nyumba. Ukiwa na magunia kumi ya kilo themanini, kila shilingi mia inayopungua kwenye kilo ni shilingi 80,000 zimeondoka kwako. Ndiyo maana naandika ninavyofanya mimi.

Beba daftari, fika mapema, kaa mahali unapoona. Bei zikianza kusomwa usikimbilie ya juu. Andika zote: mnunuzi, tani anazotaka, bei aliyotoa. Kisha hesabu wanunuzi. Siku za sanduku, wanunuzi walipotumbukiza bei zao kwa barua, tulihesabu barua. Tangu mauzo yahamie kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, tunasoma kwenye skrini, lakini hesabu ni ileile. Wanunuzi saba wenye bei zilizotawanyika wanagombea mzigo kweli. Wawili waliopishana kwa shilingi tano, wakati wiki iliyopita walikuwa sita, wanakutaka uulize wale wanne wamezuiwa na nini.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na wengi wetu tunaishia kulaumu wahindi au madalali. Mimi huanza na katalogi, ile orodha ya maghala, tani na madaraja ya ubora. Msimu mmoja mzigo wetu uliunganishwa na wa vyama vingine ukauzwa kwa mkupuo, na wanunuzi wadogo hawakuonekana tena. Nilidhani wamekosa hela. Marehemu mjomba wangu, aliyewahi kuchuuza samaki kutoka Mikindani, ndiye aliyenifumbua macho. “Mpwa wangu,” alisema, “ukiuza papa mzima tu, mwenye hela ya kipande atabaki kunusa.” Hakuna aliyewafukuza wale wadogo. Utaratibu wa ofisini tu, uliowarahisishia kazi wanaouandika, ulikuwa umewafungia mlango.

Kwa hiyo chora safu mbili kwenye daftari. Kila kanuni unayoisikia, kuanzia leseni, dhamana na ukubwa wa mzigo hadi muda wa kulipa, iandike, kisha ujaze: nani amelindwa, nani amezuiwa. Usiwe mwepesi wa kusema kanuni zote ni mbaya. Stakabadhi ghalani, yaani kuweka korosho ghalani kwa risiti hadi ziuzwe mnadani, yenye sheria ya mwaka 2005 na iliyoanza kwenye korosho hapa Mtwara mwaka 2007, ilitukuta tukinyonywa na kangomba. Mtu anakuja mwezi wa njaa, anakupa hela ya unga, msimu ukifika anapima kwa bakuli lake mwenyewe. Kanuni inayonyoosha mizani naitetea popote. Lakini mfumo huohuo ulifanya njia ya kuuzia iwe moja, na njia ikiwa moja, kila anayesimama kando yake anaweza kudai chake: ghala, usafiri, magunia, chama cha msingi, chama kikuu, halmashauri. Omba mchanganuo wa makato kwa kilo, mstari kwa mstari. Mstari usioelezeka kwa maneno ya kawaida uwekee alama.

Kuna kato lisiloonekana kwenye karatasi yako, nalo ni ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje. Anaulipa msafirishaji, lakini amekwisha kuupunguza kwenye bei anayokutajia. Lengo lake ni korosho zibanguliwe hapa, nami natamani viwanda hivyo, maana wanaobangua ni wanawake wenzangu. Ila tuambiane ukweli: ghafi ikishuka bei, mwenye kiwanda anapata nafuu, na anayemchangia ni mkulima. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye kuendeleza zao, ikiwemo salfa ya kupulizia mikorosho. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fungu hilo likaondolewa. Weka hilo kwenye safu ya nani amelindwa, ulifikirie.

Mwaka huohuo wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada. Novemba 2018 Rais Magufuli akaamuru jeshi likusanye korosho, serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tulishangilia, mimi mmojawapo. Kisha ukaja uhakiki wa wenye korosho, na miezi ikapita watu wakisubiri hela. Tangu hapo, pembeni ya kila bei naandika na siku ya malipo. Mnunuzi akibaki mmoja, hata mwenye nia njema, huna pa kwenda akichelewa.

Na mlango unaweza kufungwa ng'ambo kabisa. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuingiza mbaazi ili kuwakinga wakulima wake, na mbaazi zetu za Mtwara na Lindi zikaozea ndani. Mwenye zao linalotegemea nchi moja aulize mapema, kabla ya kupanda.

Ukishajaza daftari, usipige kelele. Simama kabla mikono haijanyooshwa, useme hivi: “Mwenyekiti, naomba iingie kwenye muhtasari. Wiki iliyopita wanunuzi walikuwa sita, leo wawili. Tunaomba kujua kilichobadilika kwenye masharti, na kama mzigo unaweza kugawanywa.” Tamka tarakimu taratibu ili katibu aandike. Kabla ya kuondoka, mwombe akusomee alichoandika. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo aliandika “mjumbe alitoa maoni”. Nikamwomba afute, aandike sita na wawili.